Fidla, Zeze na Redio ya Mlimani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa kundi la 1968–1971 mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, baada ya chakula cha mchana cha mkutano wetu wa mwaka.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazee wenzangu wa enzi za kaptula za kaki, na ninyi vijana mnaolala leo katika mabweni tuliyoyaacha sisi.

Katibu wetu aliponipigia simu alinitaka niseme habari za Mawasiliano na Maendeleo, kwa kuwa nimekula mshahara wa mitambo ya redio na simu kwa zaidi ya miaka 30. Nilikubali. Nikaandika kurasa nne, nikazisoma kwa sauti, na mke wangu, ambaye ni mvumilivu sana, alisinzia katika ukurasa wa pili. Kurasa zile nimeziacha nyumbani. Leo nitasema habari ya redio moja ndogo iliyoko mbali sana na hapa, katika milima ya Marekani, inayopiga muziki wa fidla na banjo. Na nitasema pia kwa nini redio hiyo hunirudisha kila mara katika bweni letu la pili, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Wenzangu wa mwaka ule naona mmeanza kuangaliana. Subirini.

Vijana, ninyi mnahitaji kuelezwa kidogo. Mwaka 1968 bweni zima la wavulana 40 lilikuwa na redio moja ya betri, mali ya mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye kwa sababu hiyo hakupata kufua shati lake mwenyewe. Betri zikichoka tulizianika juani, nasi tuliamini kwamba zinapona. Mwalimu mmoja alikuwa na gramafoni, na Jumamosi jioni alituazima pamoja na sahani chache za santuri. Hapo ndipo tulipokutana na Jim Reeves. Sauti ile laini, ya mtu asiye na haraka wala deni, ilitumaliza kabisa. Tulikariri maneno yake yote kabla hatujajua maana yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, lakini walikuwako miongoni mwetu waliokataa kuamini habari hiyo mpaka wanamaliza shule. Mmoja wao amekaa meza ya kule nyuma.

Katika bweni hilo alikuwako mwenzetu mmoja kutoka Ugogo. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Zeze. Alikuja na sanduku la bati, na juu ya sanduku amefunga zeze alilotengenezewa na babu yake: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti, nyuzi mbili na uta mdogo. Jioni baada ya prepu alikuwa akikaa nyuma ya jiko, akilipiga polepole na kuimba kwa sauti ya puani. Tulimcheka. Tulimwigiza kwa kubana pua. Tulisema kwamba huo si muziki, ni mbuzi anayedai maji.

Mimi nilikuwa kiranja wa bweni. Muhula wa pili wa 1969 nilimnyang'anya zeze lile kwa hoja kwamba linawasumbua wanaosoma, nikalifungia katika stoo ya majembe. Gramafoni nayo ilikuwa ikiwasumbua wanaosoma, lakini hiyo sikuifungia. Mwisho wa muhula nilipofungua stoo, kibuyu kilikuwa kimepasuka chini ya rundo la majembe. Nilimkabidhi hivyo hivyo. Aligeuzageuza kile kibuyu, akasema, "Haya, kiranja, asante." Akalifunga katika shuka. Muhula uliofuata hakuja na jingine, wala miaka yote iliyobaki. Tangu hapo alikuja kukaa nasi penye gramafoni, na kwa kweli aliimba nyimbo za Jim Reeves vizuri kuliko sisi sote.

Sasa niruke miaka 14. Mwaka 1983 nilipelekwa masomoni Marekani, jimbo la North Carolina, kusomea mitambo ya redio. Nilipanga chumba katika mji wa Winston-Salem, kwa mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu wa kiwanda cha sigara, mzaliwa wa milimani. Asubuhi yangu ya kwanza, kabla hakujapambazuka vizuri, niliamshwa na sauti kutoka jikoni. Nyuzi mbili zinasuguliwa kwa uta kwa pamoja, kwa ukali, na juu yake mtu anaimba kwa sauti ya puani. Ndugu zangu, kwa muda wa pumzi moja au mbili nilidhani niko bweni la pili.

Nikaenda jikoni. Mzee alikuwa anakaanga mayai, na redio iko juu ya jokofu. Nikamwuliza ni kitu gani kile. Akaniangalia kama nimemwuliza jina la mama yake. Akasema ni WPAQ, namba 740 katika mawimbi ya kati, kutoka Mount Airy. Huko ndiko nyumbani.

Mount Airy ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Blue Ridge, karibu kabisa na mpaka wa jimbo la Virginia, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Winston-Salem. Watu wake wa wakati huo waliishi kwa kulima tumbaku, kushona soksi na nguo viwandani, na kuchimba mawe ya graniti katika machimbo makubwa yanayoonekana kutoka mbali kama theluji iliyokataa kuyeyuka. Wamarekani wengi wanaujua mji huo kwa sababu nyingine: Andy Griffith, mchekeshaji wa televisheni, alizaliwa hapo mwaka 1926, na mchezo wake uliooneshwa tangu 1960 mpaka 1968 ulikuwa juu ya mji mdogo unaofanana na huo. Watalii humiminika mpaka leo kutafuta mji ambao haukuwapo ila katika televisheni. Mimi ule wa televisheni haunihusu. Nazungumzia ule uliokuwa na redio.

Redio hiyo iliwekwa na mtu mmoja, Ralph Epperson. Alizaliwa mwaka 1921, akakulia shambani upande wa Virginia, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa ninaoufahamu sana, ugonjwa wa kufungua mitambo ili kuona sauti inatoka wapi. Tarehe 2 Februari 1948 kituo chake kilianza kutangaza. Sasa sikilizeni vizuri alichofanya, kwa maana ndicho kilichonileta mbele yenu. Wakati huo mwenye redio alikuwa na njia rahisi mbele yake: kununua santuri za waimbaji wakubwa wa mijini na kuzizungusha kutwa. Epperson alifungua mlango wa studio. Aliwaita majirani zake, wakulima, wachimba mawe na wafanyakazi wa viwanda vya soksi, waje na fidla zao na banjo zao, na makwaya ya makanisa yao, waketi mbele ya mikrofoni. Kila Jumamosi aliweka kipindi cha wapigaji wa papo kwa papo, akakiita Merry-Go-Round, yaani bembea ile ya kuzunguka ya watoto. Kipindi hicho kimekuwa kikiendelea tangu 1948, nacho ni miongoni mwa vipindi vya namna hiyo vilivyodumu muda mrefu kuliko vyote katika Marekani.

Nisimame hapa kidogo kama fundi. Vituo vya mawimbi ya kati vina tabia tofauti mchana na usiku. Mchana mawimbi hutambaa juu ya ardhi na kuishia karibu. Jua likitua, hewa ya juu kabisa hubadilika na kuyarudisha chini kama kioo, yakaangukia mamia ya maili, yakagongana na ya watu wengine. Kwa hiyo serikali yao iliweka sheria: vituo vikubwa vichache vipewe usiku, na vidogo vifunge au vipunguze nguvu jua linapotua. WPAQ kilikuwa kituo cha mchana. Mchana kilikuwa na wati 10,000, na wakati nilipokuwa mimi huko kilinyamaza jua lilipozama. Majira ya baridi, jua linapozama mapema, mzee wangu alikuwa akikasirika kana kwamba Mungu amemfungia redio makusudi. Alikuwa akila chakula cha jioni kimya.

Nilikwenda Mount Airy Jumamosi moja ya mwaka 1984. Mzee ndiye aliyenipeleka katika gari lake bovu. Sitawaficha: nilikuwa na hofu. Nilikuwa Mwafrika peke yangu katika gari, peke yangu barabarani, na nilitazamia kuwa peke yangu katika chumba. Nikawa hivyo kweli. Tulipoingia watu waligeuka. Kisha mama mmoja aliondoa mkoba wake kwenye kiti, akanionesha nikae, na watu wakarudisha macho kwa wapigaji. Basi. Hakukuwa na hotuba ya kunikaribisha, na mpaka leo namshukuru mama yule kwa kutoitoa.

Wapigaji walikuwa watu wazima, mikono mikubwa yenye nyufa. Hakuna aliyevaa kofia za sinema. Mmoja alikosea mwanzo, akasimama, akacheka, wakaanza tena, na yote hayo yalikwenda hewani. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba hewani hakukosewi. Mzee akaninong'oneza kwamba yule wa fidla wamekua pamoja, na yule wa gitaa ni mtoto wa mwenye duka la pembejeo. Kila aliyekuwa mbele ya mikrofoni alikuwa jamaa ya mtu aliyekuwa akisikiliza. Mtu akipiga vizuri Jumamosi, Jumatatu anaambiwa kiwandani. Akipiga vibaya, pia anaambiwa.

Redio ndogo za milima ile hufanya kazi nyingine pia, na ninyi mtazitambua. Hutangaza vifo na saa ya maziko. Hutangaza nani ana trekta la kuuza na nani amepoteza mbwa. Theluji ikianguka hutaja shule zilizofungwa, na watoto wote wa wilaya hukaa kimya siku hiyo moja katika mwaka. Sisi tulikuwa na salamu za wasikilizaji na matangazo ya vifo katika Radio Tanzania, na wote hapa tunakumbuka mzee wa nyumba alivyoinua kidole watu wanyamaze, jina la marehemu lisimpite. Tofauti ni kwamba yetu ilikuwa redio moja ya nchi nzima, na kijiji kilisubiri zamu. Yao ilikuwa redio ya wilaya, na zamu ilikuwa yao kutwa.

Mtaniuliza fedha zilitoka wapi. Zilitoka kwa matangazo ya biashara za hapo hapo, duka la mbolea, muuza magari, mtengeneza majeneza. Hazikuwa nyingi. Katika miaka ya 1950 muziki wa vijana ulipoingia, vituo vingi vya aina hiyo viliwaaga wapiga fidla na kuanza kuzungusha santuri zinazouza. Epperson hakuwaaga. Sidhani kwamba alikuwa mtakatifu. Nadhani alikuwa mkaidi, na ukaidi wa mtu mmoja mwenye mtambo wake ni kitu chenye manufaa wakati mwingine. Isitoshe, alikuwa na tabia ya kurekodi. Tangu siku za mwanzo aliwachora majirani zake katika sahani, akazihifadhi. Mwaka 1999 kampuni ya santuri ya Rounder ilitoa mkusanyiko uliotokana na sahani hizo, na wajukuu wakasikia babu zao wakiwa vijana. Epperson alifariki mwaka 2006, na kituo kikaendelea mikononi mwa familia yake. Kipindi cha Jumamosi kilikwisha kuhamia katika jumba la sinema la zamani la katikati ya mji, Earle, ambako watu hukaa kwa mamia badala ya viti vichache vya studio. Viwanda vingi vya nguo vimefungwa siku hizi, kazi zimekwenda ng'ambo. Fidla zimebaki.

Kuna jambo moja najuta kuhusu safari ile. Maili chache kutoka kituoni, mahali paitwapo Toast, aliishi mzee Tommy Jarrell. Alizaliwa mwaka 1901, akafanya kazi ya kuendesha greda la barabara mpaka akastaafu mwaka 1966. Wakati huo wote alikuwa mpiga fidla na banjo wa mtindo wa zamani wa pale pale, aliojifunza kwa baba yake. Alipostaafu, vijana kutoka kila upande wa Marekani, na wengine kutoka Ulaya, walikuja kugonga mlango wake wajifunze, naye aliwalisha na kuwalaza. Mwaka 1982 serikali yao ilimpa nishani ya wasanii wa jadi, mzee wa greda. Mwenye nyumba wangu alisema tutakwenda kumwona siku nyingine. Alifariki Januari 1985. Hatukuwa tumekwenda.

Msije mkadhani nawapaka asali. Mlango wa redio za namna ile haukuwa wazi kwa kila mtu. Nitoke kidogo Mount Airy niende Nashville, Tennessee, kwenye kituo kikubwa kuliko vyote vya muziki huo, WSM, kilichoanzishwa na kampuni ya bima tarehe 5 Oktoba 1925. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Novemba, mtangazaji George D. Hay alimketisha mbele ya mikrofoni mzee wa fidla mwenye miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, na hapo kikazaliwa kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry, kinachoendelea mpaka leo. Tangu 1932 kituo hicho kilikuwa na wati 50,000, na usiku kilisikika karibu nusu ya nchi.

Basi katika nyota za kwanza kabisa za kipindi hicho alikuwamo mtu mweusi, DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, mtu mfupi aliyeugua polio utotoni. Alipiga kinanda cha mdomo, na aliweza kukifanya kilie kama garimoshi linalokuja, linalopita na kupotea. Jina lenyewe la kipindi lilitamkwa mara ya kwanza Desemba 1927, usiku alipokuwa amepiga garimoshi lake. Alisafiri na wenzake Weupe mikoani, akashangiliwa jukwaani, kisha akahangaika kutafuta mahali pa kula na kulala, kwa kuwa hoteli zilimkataa. Mwaka 1941 aliachishwa. Kulikuwa na ugomvi wa haki za nyimbo, redio zikapiga marufuku nyimbo nyingi zilizozoeleka, na yeye akadaiwa apige mpya. Hay aliandika baadaye kwamba alikuwa mvivu. Mtu huyo aliyeitwa mvivu alifungua kibanda cha kung'arisha viatu mjini Nashville, akalea watoto wake kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1982. Mwaka 2005 waliliweka jina lake katika jumba la heshima la muziki wa kantri, miaka 23 baada ya maziko yake.

Na lile banjo, chombo ambacho ukikiona unawaza Mzungu wa milimani, asili yake ni Afrika Magharibi. Lilivuka bahari pamoja na watumwa: kibuyu, ngozi, mti na nyuzi. Nilipoelezwa hivyo chuoni sikuweza kuendelea kuandika. Kibuyu, ngozi, mti na nyuzi. Nilikuwa nimevuka bahari hiyo hiyo kwa ndege ili nifundishwe kuheshimu kitu nilichokifungia katika stoo ya majembe.

Muziki huo pia ulikuja kwetu zamani kuliko Jim Reeves. Mwaka 1927 katika mji wa Bristol, mlima huo huo, Jimmie Rodgers, mtu wa reli na mgonjwa wa kifua kikuu, alirekodi nyimbo zake za kwanza. Alifariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kericho, Kenya. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alipokuwa akizunguka Afrika ya Mashariki na mitambo yake, akiwarekodi watu kwao, na hapa kwetu aliwarekodi Wagogo pia, huko Kericho alikuta wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu mnyama wa porini. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers. Walichukua jina, wakaacha gitaa, wakapiga kwa chombo chao wenyewe, wimbo wao wenyewe. Wasichana wale wa Kericho walikuwa na akili kuliko viranja wa bweni la pili. Miaka zaidi ya 60 baadaye watafiti walizirudisha rekodi zile kwao, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai kuzisikia.

Nilirudi nyumbani mwaka 1985. Nilijiambia nitamtafuta Zeze. Wakati huo hata Serikali ilikwisha kuonesha njia: Mzee Hukwe Zawose, Mgogo kama yeye, alikuwa anafundisha zeze na marimba Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kupiga nje ya nchi. Mimi nilikuwa na kazi, watoto, nyumba ya kujenga, na sababu nyinginezo mnazozijua kwa kuwa ninyi pia mnazo. Nilifika kijijini kwake mwaka 1996. Alikuwa amekwisha kufa miaka mitano. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu walimsifu kwa hesabu. Nikamwuliza mjane kama mume wake alikuwa akipiga zeze. Akafikiri. Akasema, "Zeze? Hapana. Yeye alikuwa anapenda nyimbo za Kizungu."

Nikakaa pale kwa muda. Kisha nikamweleza habari ya stoo, yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Ndugu Mwenyekiti, nimekaribia mwisho. Katika ajenda ya alasiri kuna jambo la matumizi ya michango yetu ya mwaka huu. Pendekezo lililopo ni kununua mtambo mkubwa wa muziki kwa ajili ya ukumbi huu, spika nne na vinavyofuata. Mimi ni fundi, ningeweza kuwaambia ni spika zipi. Naomba tununue mbili badala ya nne, na fedha zinazobaki tununue kifaa kizuri cha kurekodi na mikrofoni mbili. Siku hizi kifaa hicho kinaingia mfukoni. Jumamosi jioni, saa ile iliyokuwa ya gramafoni, ukumbi ufunguliwe, na kijana yeyote mwenye chombo au wimbo wa kwao apige, akosee, aanze tena, arekodiwe, na rekodi ikae maktaba na jina lake juu yake. Mwalimu Mkuu ameniambia kwamba wanafunzi wa hapa wanatoka mikoa 11. Nimemwuliza ni wangapi walikuja na ngoma, marimba au zeze. Amesema hakumbuki aliyekuja nacho. Sikushangaa. Wameambiwa na wadogo zao waliotangulia kwamba hapa huwa vinapasuka. Tena, wazee wenzangu, mwenye kaseti ya jioni zetu za burudani za miaka ile, hata ikiwa imeliwa na panya nusu, ailete. Mimi nitaisafisha bure.

Jambo la mwisho. Mle katika mfuko wa kaki chini ya meza ya Katibu mna zeze. Limetengenezwa na mpwa wa marehemu, ambaye alijifunza kwa babu yule yule, na aliniuzia mwezi uliopita kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu. Asubuhi, tulipokuwa tunakagua mabweni, kijana mmoja wa kidato cha pili aliuona mfuko, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni lenyewe. Nikamwambia ndilo. Akasema kwao wanapiga, ila hapa shuleni hajasema kwa mtu.

Kijana, simama, usiogope. Kiti kiko hapa mbele. Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, mimi nakaa.